Vigae Juu ya Kofia za Bati

Kumbikumbi wa kwanza alichomoza kati ya vigae viwili ibada ikiendelea. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, sasa jua limewaka, na mhubiri alikuwa amefika pale anapopenda kufika, kwenye uvivu wa vijana. Mdudu akatambaa hadi kwenye kiatu cha mama mmoja wa safu ya mbele, akatikisa mbawa kama mtu anayekung'uta shuka. Yule mama akamtazama, akatabasamu, akamwokota, akamng'oa mbawa na kumtia mdomoni. Kisha wakatoka wengine. Walitoka chini ya mimbari, kando ya nguzo zote nne, kwenye ile mistari myembamba ya saruji inayounganisha vigae, hadi hewa ya kanisa ikawa ya kahawia na mhubiri akafunga Biblia kwa sababu hakuna aliyekuwa akimsikiliza tena.

Wengi wetu katika kanisa lile la Dagoretti tumetoka magharibi. Mimi ni mtu wa Siaya, wengine ni wa Bungoma na Kakamega, na kwa mdudu huyu hatuna ugomvi. Kwetu mtu hurithi kichuguu kama anavyorithi shamba, na jirani akija kuvuna bila ruhusa panazuka kesi. Mjini tunamnunua sokoni, kikombe kwa kikombe, mkavu, amekwisha kuchoka. Kwa hiyo kutokewa naye bure, akiwa na mafuta yake yote, ndani ya nyumba ya Mungu, watu waliona ni baraka.

"Chiswa!" mtu alipaza sauti, akimwita kumbikumbi kwa Kiluhya. "Haleluya, chiswa!"

Mzee Bramwel, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, akavua koti. Alichukua vijiti viwili vya ngoma, akapiga magoti karibu na nguzo na kuanza kugonga vigae kwa mdundo wa nyumbani, mwepesi kama matone, ule wa kumdanganya mdudu kwamba mvua imerudi. Wakazidi kutoka. Akina mama wakafungua leso. Mmoja alimwaga sadaka mezani ili apate kikapu.

"Baba Valarie, kumbe wewe bado ni mtaalamu!" Everlyn, mkewe, alimwita kutoka juu. Ndiye kiongozi wa kwaya, na kwaya hukaa roshani, ghorofa ya mbao iliyo juu ya mimbari. "Piga na huku, wapande!"

"Shuka na sufuria, wacha kelele!"

Watu wakacheka. Syokimau peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mjane mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani, na alisubiri kicheko kipungue.

"Nyumba yao iko wapi?" aliuliza.

Watu waliendelea kuokota.

"Kumbikumbi anatoka kwao. Haanguki kutoka mbinguni. Nawauliza, nyumba yao iko wapi?"

"Susu, tafadhali," alisema Maureen, mjukuu wake, kutoka roshani, kwa aibu ya msichana anayeona wenzake wakimtazama.

Ili mtu aelewe swali lile lazima amjue Kitavi, na mji huu haumjui Kitavi. Alikuwa mume wa Syokimau, Mkamba wa Makueni, kibarua wa kampuni moja iliyokuwa ikiua mchwa kwenye majumba ya Karen na Spring Valley. Walikuwa wakitoboa sakafu na kumimina dawa nyeusi ambayo kwingine duniani ilikuwa imekwisha kupigwa marufuku. Kinyago hakupewa. Alipewa maziwa. Kila asubuhi pakiti ya maziwa, ati maziwa yanaosha sumu. Naye, mtu wa imani, akawa anakusanya mabaki ya dawa ile kwenye mtungi na kuyaleta kanisani kama fungu lake la kumi, maana kanisa letu la kwanza lilikuwa la mbao tupu na mchwa walikuwa wamelizingira. Akalipaka sakafu mpaka paa. Jumapili iliyofuata watoto wa shule ya Jumapili walitapika kwenye mabenchi. Tukafungua madirisha, tukaomba, tukaendelea. Kitavi mwenyewe alianza kutetemeka mikono, kisha kichwa. Alikufa akilishwa uji na mkewe, kijiko hakimkai mkononi. Kampuni ilileta shada la maua, halafu ikabadilisha jina. Majumba yale bado yamesimama. Yanauzwa na kununuliwa, na anayenunua hukagua bomba na umeme, haulizi mbao zake zililindwa na mwili wa nani.

Tulipojenga kanisa la mawe tuliapa kwamba sumu haitaingia. Kiwanja kilikuwa chembamba, ndiyo maana kwaya tukaipandisha juu ya mimbari: upande wa nyuma boriti zimeingia kwenye ukuta wa mawe, upande wa mbele zimebebwa na nguzo nne za mkalitusi. Mutarakwa, mti ambao mchwa hawauli, hatukuuweza kwa bei. Na mkalitusi kwa mchwa ni chakula.

Syokimau ndiye aliyetafuta njia. Alikwenda kwao Makueni akakaa na akina mama wanaokausha nguzo za ghala, akarudi na kazi ya kutuchosha sote. Nguzo zilibanduliwa maganda na kulazwa kwenye maji ya boraksi hadi chumvi ikapenya ndani. Zilipokauka tulizichoma miguu kwa moto mpaka zikawa makaa kwa nje. Tukazipaka mafuta ya mwarobaini, yale machungu yanayonuka hadi kwenye chakula. Kisha hatukuzichimbia ardhini. Kila nguzo ilisimamishwa juu ya jiwe lililoinuka kutoka sakafuni, na kati ya jiwe na nguzo pakawekwa kofia ya bati, kingo zake zimekunjwa chini kama ukingo wa kofia ya mvua.

Kofia hiyo haiui mchwa. Watu wengi hawakulielewa hilo, na sasa naona hata waliosema wameelewa hawakuelewa. Mchwa hutembea gizani. Akifika kwenye bati hawezi kulitoboa, inambidi atoke nje alizunguke, na akitoka hujenga kijia cha udongo cha kujifunika. Hapo unamwona. Kila wiki, kabla ya usafi, Syokimau aliinama kwenye nguzo moja hadi nyingine, na akiona kijia anakivunja kwa kidole, ananyunyiza majivu, anarudi kesho kutazama. Kila mwaka mafuta ya mwarobaini yalirudiwa. Hivyo roshani ilisimama miaka na miaka, na hakuna mtoto aliyetapika.

Kisha akaja mheshimiwa na vigae.

Hakuja mwenyewe. Lilikuja lori kutoka mjini, na mafundi wake wamevaa fulana zenye uso wake kifuani. Kulikuwa na uchaguzi mbele, na sakafu yetu ya saruji ilikuwa na nyufa, na Mzee Bramwel alikuwa amekwenda ofisini kwake kule katikati ya jiji, akakaa kwenye kochi la ngozi na kurudi akisema tumekumbukwa. Mafundi walisema sakafu haiko sawa, lazima iinuliwe. Wakajaza udongo mwekundu, wakaushindilia, wakapitisha saruji nyembamba, wakabandika vigae vyeupe vyenye mishipa ya kijivu. Sakafu ikapanda. Mawe ya nguzo yakazama. Kofia za bati zikazama. Miguu ya nguzo ikazikwa kwenye udongo, na kila Jumamosi akina mama wakamwaga ndoo za maji juu yake ili vigae ving'ae.

Syokimau alikuwa Makueni wakati huo, akimuuguza dada yake. Alirudi akakuta hana pa kuinama, na misimu kadhaa ya mvua ikapita hivyo.

Baada ya ibada ile ya kumbikumbi alimfuata Bramwel uani. Mimi nilikuwa nakunja nyaya za vipaza sauti, maana mitambo ya kanisa ni kazi yangu, nikasikia yote.

"Mwenyekiti, Jumapili ijayo kwaya isipande."

"Mama Syokimau, Jumapili ijayo mheshimiwa anakuja. Kwaya isiimbe?"

"Iimbie chini. Hizo nguzo zimeliwa."

"Zimeliwa na nani? Si ni wewe mwenyewe ulituambia hiyo mbao imelala kwa boraksi? Imechomwa mguu, imepakwa mwarobaini. Mpaka leo nikikumbuka hiyo harufu nakohoa. Sasa mchwa atakula nini, makaa?"

"Boraksi ni chumvi. Ukizika mti kwenye udongo wenye maji, inatoka yote, inabaki mbao tupu. Makaa yana nyufa. Na mwarobaini ulipakwa lini mara ya mwisho? Dawa yetu haikuwa kwenye debe, mwenyekiti. Dawa ilikuwa kuona. Mmeweka vigae, hatuoni."

Bramwel alimtazama kama anavyotazama vibarua wake kule Karen, ambako ndiye mkuu wa bustani. Si mtu mbaya. Lakini amekaa miaka mingi sana akiwapokea wenye magari getini.

"Na kile kichuguu nyuma ya chumba cha mchungaji?" Syokimau hakumpa nafasi. "Nilikuambia tukichimbe tumtoe malkia. Bila dawa, kwa jembe tu. Ukanikatalia."

"Kile ni cha kanisa! Kila mwaka tunavuna pale siku ya mavuno."

"Basi leo mmevunia ndani."

Nikacheka, na Bramwel akanigeukia. "Oloo, wewe wacha. Wewe kila kitu ni siasa. Maji ikikosa ni siasa, mchwa ni siasa."

"Nani aliweka udongo mwekundu, mwenyekiti? Mchwa?"

Akaenda zake. Jioni hiyo Dagoretti nzima ilinukia kumbikumbi wa kukaangwa, hata moshi wa machinjio haukuweza kuifunika harufu ile. Nami nilikula. Everlyn alinipa bakuli, nikala, na walikuwa watamu.

Wiki ile mvua haikukoma vizuri. Maureen alikuwa amepewa kuongoza wimbo wa mwisho, mara yake ya kwanza, na kila alipopita njiani alikuwa akiimba sauti ya chini huku akihesabu pumzi. Syokimau aliniambia, tukiwa tumesimama chini ya mabati ya duka tukijikinga na manyunyu, kwamba amemkataza.

"Ameniambia nina wivu," alisema. "Ameniambia babu yake alikufa kwa sumu na mimi nimebaki na sumu kichwani."

"Ni mtoto."

"Ni mtu mzima, amemaliza shule. Atapanda tu. Nikimfungia nyumbani atapita dirishani." Akatazama njia iliyojaa matope. "Nimemzika Kitavi kwa sababu nilinyamaza. Niliona mikono yake, nikanyamaza kwa sababu tulikuwa tunakula. Huyu sitamzika."

Jumamosi alasiri, akina mama wakisafisha, aliingia kanisani na nyundo chini ya leso. Hakusema na mtu. Alikwenda kwenye nguzo ya pili kutoka kushoto, akapiga kigae kilichoishika mguu, kikapasuka kama sahani. Akapiga kingine. Akina mama wakapiga kelele kana kwamba amempiga mtu. Nilipofika amekwisha kuchimba kwa vidole, na udongo aliokuwa akiutoa ulikuwa mbichi, umejaa mashimo kama mkate. Kofia ya bati ilionekana chini kabisa, safi, haina kosa lolote, imezikwa. Juu yake nguzo ilikuwa na ngozi tu. Syokimau aliisukuma kwa kidole gumba. Kidole kiliingia mpaka kwenye kifundo, na alipokitoa, mchwa weupe wakamwagika mkononi mwake, taratibu, kama unga.

"Njooni muone," alisema.

Walikuja wachache. Wengine walitazama kwa mbali, mikono mdomoni, na nikaona kwamba kilichowatisha ni vigae vilivyovunjika.

Everlyn alikuja kutoka mazoezini, akachuchumaa, akatazama kwa muda mrefu. "Hii moja?" aliuliza.

"Tuvunje nyingine uone."

"Mama Syokimau, ukivunja zote atakuja kukuta nini hapa? Machimbo?"

"Atakuta ukweli."

"Ukweli hautakaa kwenye picha," alisema Everlyn, kwa mzaha uliokosa kicheko, na macho yake yalikuwa bado kwenye lile shimo. "Ngoja nimuite Baba Valarie."

Bramwel alikuja anahema. Alipoona vigae alishika kichwa, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: alipiga magoti akaanza kuvipanga vipande, kimoja kando ya kingine, kama vinaweza kushikana. Mpaka alipoona havitashikana ndipo akafoka. Akachukua nyundo. Akasema nguzo moja si nne, tatu zinatosha kubeba watoto wa kuimba, si ng'ombe. Akasema Jumatatu ataita fundi, Jumatatu, lakini kesho mgeni hatakuta shimo kwenye zawadi yake. Udongo ukarudishwa kwa koleo. Juu yake wakatandaza zulia jekundu. Na nguzo zote nne wakazizungushia vitambaa, vyeupe na vya kijani, kuanzia juu hadi chini, wakazifunga utepe.

"Zimependeza," mtu alisema.

Zilipendeza kweli. Zilionekana kama maiti za watoto wa kitajiri.

Jumapili mheshimiwa alifika amechelewa, na magari yalizuia njia yote hadi sokoni. Walinzi wake waliingia kwanza. Mmoja wao, kijana mpana aliyeitwa Kiragu, alikuwa mkaguzi wa jukwaa. Kiti cha mheshimiwa kilikuwa kimewekwa mahali pa heshima, chini ya roshani, kati ya nguzo ya pili na ya tatu, na juu yake kwaya ilikuwa imekwisha kupanda. Niliwasikia wakisogeza miguu. Kila waliposogea, unga mwembamba ulishuka mahali fulani karibu na mimbari, na jua la dirishani lilikuwa likiuonyesha.

Kiragu alizunguka kiti. Akashika nguzo juu ya kitambaa, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Akaigonga tena, ameinamisha kichwa. Akaja kwangu kwenye mitambo.

"Niaje mzee. Hii nguzo ndani iko na nini?"

"Mkalitusi."

"Hapana. Mimi nimekulia nyumba ya mbao Limuru, hii sauti naijua. Hii haina kitu. Imekuliwa."

"Basi umeona. Mwambie mwenyekiti yule pale. Sisi tumemwambia, hasikii mtu wa hapa. Wewe atakusikia."

Akatazama juu, kwenye soli za viatu vya watoto zilizoonekana kwenye nafasi za mbao. Nilimwona akitazama. Kisha akafunga kifungo cha koti.

"Mzee, mimi nachunga mtu mmoja," alisema. "Huyo mmoja tu."

Akamnong'oneza mwenzake. Mwenzake akamnong'oneza mwingine. Mheshimiwa alipoingia, akipunga mkono, akina mama wakipiga vigelegele, kiti chake kilikuwa kimekwisha kunyanyuliwa na kupelekwa ukutani, karibu na mlango wa pembeni. Viti vya wazee wetu havikusogezwa. Mchungaji, Bramwel na mama mzee aliyeandaliwa kusoma risala walibaki pale pale, chini ya mbao, wanatabasamu.

Nimeona mambo mengi katika mji huu. Nimeona vibanda vikibomolewa asubuhi na msaada wa mablanketi ukiletwa jioni na mkono ule ule. Lakini sikuwahi kuona jambo likifanywa kwa utulivu namna ile. Kiti kimoja kinasogea, na kila aliyekisogeza anajua.

Syokimau alikuwa kwenye safu ya tatu. Alikiona. Akasimama, na wasimamizi wawili wakamshika mabega kwa upole, wakamkalisha, mmoja akimwambia, "Mama, si leo, tafadhali, si leo." Juu, Maureen alisafisha koo. Everlyn aliinua mkono kuwaanzisha.

Kipaza sauti kilikuwa mbele yangu. Nikakifungulia.

"Samahani," nilisema, na sauti yangu ikatoka kwenye spika zote. "Kabla ya wimbo. Nina swali moja kwa mgeni wetu. Mheshimiwa, kiti chako tulikiweka pale katikati. Kimeondolewa kwa nini?"

Bramwel alinitazama kwa uso wa mtu anayezama.

Mheshimiwa alicheka, akainua mikono. "Wapendwa, hapa kuna hewa nzuri tu."

"Na walio pale chini, na hawa watoto hapo juu, wao hawataki hewa nzuri?"

Akamgeukia Kiragu. Ilikuwa kitambo kidogo tu, kufumba na kufumbua, lakini Kiragu alitazama nguzo, na mheshimiwa akatazama alipotazama Kiragu. Nami sikuwa na haja ya kuuliza tena, kwa sababu Everlyn alikuwa akitazama kutoka juu, na aliyaona macho ya wote wawili.

Mkono wake ulikuwa bado hewani. Akaushusha.

"Kwaya," alisema, bila kipaza sauti, na tulimsikia hadi nyuma. "Tunashuka."

"Everlyn!" Bramwel alisimama. "Mama Valarie, imbeni!"

"Mmoja mmoja. Pitieni ukutani, msishike ukingo wa mbele. Valarie, wewe tangulia. Msikimbie."

Walishuka. Sijui ilichukua muda gani. Ngazi zile ni za mawe, zimejengwa ukutani, nyembamba, na kila msichana alikuwa amevaa viatu vya kisigino. Mchungaji alimshika yule mama mzee mkono wakaondoka jukwaani wakirudi kinyumenyume. Maureen alikuwa karibu na mwisho. Alipofika chini hakumkimbilia bibi yake. Alisimama tu, akatazama nguzo iliyovaa utepe, kisha akasema, "Susu, nilikuwa nasikia. Wiki yote nilikuwa nasikia inalia chini yangu, nikafikiri ni mimi naogopa kuimba."

Syokimau alimvuta kwa mkono wakatoka nje, na wengine wakawafuata. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Kiti cha mgeni kilikuwa kitupu; tulisikia magari yakigeuza. Baadaye ilisemekana alikuwa na mkutano mjini.

Tukajaa uani, kwenye matope, kama familia mbili za arusi moja ambazo hazizungumzi. Watu walianza kuuliza kama kweli kuna hatari au Oloo ameleta vurugu zake. Roshani ilikuwa imesimama. Ilionekana kupitia mlangoni, na vitambaa vyake, haina dosari.

Ndipo Bramwel akatokea juu.

Hakutoka nasi. Alikuwa amepanda peke yake, tukamwona kwenye ukingo wa mbele, amevaa suti ya kijivu aliyopewa na tajiri wake wa Karen, ameshika ukingo kwa mikono miwili.

"Mnaona?" aliita. "Mimi ni mzito kuliko watoto watatu. Mnaona? Mmenifukuzia mgeni kwa sababu ya mdudu!" Akapiga mguu. Vumbi likashuka. "Mnaona?"

Watu walikuwa wamejazana mlangoni na hakuna aliyevuka kizingiti. Everlyn akawapitia. Alivua viatu, sijui kwa nini, akatembea juu ya vigae vile vyeupe hadi chini ya ngazi, asikaribie zaidi.

"Baba Valarie."

"Rudi nje, mwanamke."

"Nimekusikia. Umesimama, tumeona, haijaanguka. Sasa shuka." Sauti yake ilikuwa ile anayotumia kuwatuliza watoto wa kwaya wanaosahau maneno. "Usigeuke haraka. Wachilia huo ukingo. Rudi nyuma mpaka ukutani, halafu njoo kwangu ukiegemea mawe."

"Nitawaambia nini?" alisema Bramwel. Haikuwa kelele tena. "Ofisini, nitawaambia nini?"

"Tutatafuta la kusema. Njoo ukutani."

Akauacha ukingo. Alirudi hatua moja, na tukasikia nguzo ya pili ikikaa. Haikuvunjika kwa kishindo. Ilikaa, kama mtu mzima anavyokaa kitini baada ya kazi, ndani ya vitambaa vyake, na utepe ukalegea. Ya tatu ikaifuata. Mbele ya roshani ikainama, mabenchi ya kwaya yakaanza kuteleza taratibu, moja likimsukuma mwenzake, na Bramwel akabandika mgongo wake kwenye mawe na kutembea kando, viganja vimefunguka ukutani, huku sakafu ikimkimbia chini ya miguu. Everlyn hakupiga kelele. Alikuwa anapanda ngazi huku akimwitia hatua: hapo, sasa hapo, sasa hapo. Alipomshika mkono pale juu ya ngazi, roshani yote ilijitoa ukutani pamoja na boriti zake na kuja chini juu ya mimbari, juu ya viti vya wazee, juu ya zulia, na kilichopasuka kwa sauti kubwa kuliko vyote ni vigae.

Kisha vumbi, na harufu ya udongo mbichi, kama shamba lililolimwa.

Bramwel alikaa kwenye ngazi, mkewe bado amemshika. Nguzo zilikuwa zimelala zimepasuka, na ndani yake hazikuwa nguzo, zilikuwa mji: vyumba, njia, kuta nyembamba za udongo, wakazi wake weupe wakikimbia kutafuta giza. Sisi tulibaki mlangoni, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Kuku wa jirani ndio waliotutangulia. Walipita kati ya miguu yetu, wakaingia hadi jukwaani, wakaanza kula.